Gramu 400 za Shaba

Leo nimemaliza kukereza kipoza joto cha leza yangu ya mkononi. Ni mche wa shaba tupu, kipenyo milimita 38, urefu milimita 45, na kwenye mzani unavuta kama gramu 400. Kila aliyeushika pale karakanani ameniuliza kwa nini sikutumia alumini.

Swali ni la haki. Kilo kwa kilo, alumini humeza joto kuliko shaba: jouli 900 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, shaba 385 tu. Ila mimi sikubanwa na uzito, nilibanwa na nafasi, kwa kuwa mche lazima uingie ndani ya ganda la tochi. Katika nafasi ileile shaba ni nzito zaidi ya mara tatu, kwa hiyo inabeba joto zaidi, na inalisambaza upesi kuliko aloi za alumini zinazouzwa madukani.

Na joto lenyewe si la mchezo. Daiodi, yaani kile kijipande kinachotoa mwali wa leza, hapa ni ya buluu, yenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 445, ya zile ambazo watu walianza kuzichomoa kwenye projekta za Casio mwaka 2010, inakula kama wati 8 na kutoa wati 2 za mwanga. Wati 6 zinabaki kuwa joto, tena zinazaliwa kwenye kijipande kidogo kuliko punje ya mchele. Joto likikosa pa kwenda, mwanga hufifia na umri wa daiodi hukatika. Dakika moja ya kuwasha ni jouli 360. Mche wangu unahitaji jouli 154 hivi ili upande nyuzi moja. Yaani dakika nzima, nyuzi mbili na kitu. Ndiyo maana sikuuchonga mapezi, yale mabapa membamba ya kutolea joto hewani. Hewa tulivu inachukua joto kidogo mno kwenye kitu kidogo hivi, na mapezi yangenipunguzia shaba ninayoihitaji.

Shaba tupu inasumbua kukereza. Haikatiki kwa ukavu kama shaba ya njano. Inavutika, inajisokota nyuzi ndefu, na inaganda kwenye ncha ya kisu mpaka kisu kinaanza kukwaruza badala ya kukata. Nilitumia kisu cha haispidi, yaani chuma kigumu cha kukatia vyuma, nikakinoa kikali sana na kukisugua kwenye jiwe laini hadi uso wake ukang'aa, nikawa nadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya mashine. Wapo mafundi wa zamani waliokerezea shaba kwa maziwa. Wakati wa kutoboa ndipo pa kuwa na subira zaidi: keekee hupenda kujivuta yenyewe ndani ya shaba, kwa hiyo unaingiza kidogo, unatoa, unasafisha, unarudi.

Kazi yote ya leo ilikuwa kwenye tundu la katikati, milimita 12, linalopokea kibebeo cha daiodi. Mzee mwenye mashine alisimama nyuma yangu muda mrefu bila neno, kisha akasema, "Mwanangu, acha kipoe kwanza ndipo upime." Shaba ikipata moto hutanuka, nyuzi 50 tu juu zinatosha kulifanya tundu la milimita 12 lisome zaidi kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Unalikubali likiwa na moto, kesho kibebeo hakiingii. Tulikaa tukanywa chai.

Kwa nini nihangaikie sehemu za mia? Kwa sababu gramu 400 hazisaidii kitu kama joto haliwezi kuzifikia. Hewa hupitisha joto vibaya mno, shaba inaishinda zaidi ya mara elfu kumi. Nafasi ya sehemu tano za mia za milimita ikikizunguka kibebeo cha urefu wa milimita 30, kwa wati 6 daiodi itakuwa na moto wa nyuzi 10 zaidi ya mche ulioizunguka. Hizo ni zaidi ya joto ambalo mche mzima unapanda kwa dakika tatu! Naona watu wakishindania uzito wa vipoza joto vyao, lakini mimi ningemwuliza kila mmoja kwanza tundu lake limekaaje. Langu linapokea kibebeo kwa kusukuma na kidole gumba, pasipo kucheza, na grisi ya joto nimepaka utando mwembamba tu wa kuziba mikwaruzo.

Upande wa mbele nimeusugua kwa msasa mpaka ukafifia, maana sitaki uso wa shaba unaong'aa karibu na mwali huu. Kwa usalama wa leza, wati 2 ni daraja la 4, la hatari kuliko yote. Hata mwali uliorudishwa na kioo unaunguza jicho kabla hujapepesa. Waya za daiodi bado sijaziunga, na sitaziunga hadi miwani ya kuzuia nanomita 445 iwe mkononi, yangu na ya yeyote atakayekuwa chumbani.