Wiki ya tatu nachora kwenye kompyuta

Jamani nimeanza kuchora kidijitali, natumia Krita, programu ya kuchora, maana ni ya bure na ina karibu kila kitu anachohitaji anayeanza. Siku za kwanza mkono uligoma kabisa, unachora kwenye tableti ya kuchorea huku macho yako kwenye skrini ya kompyuta, mistari inatetemeka tu, mpaka nikakuta ile seting ya kutuliza brashi, nikaipandisha kidogo, mstari ukaanza kutoka laini.

Ila kilichoniteka ni leya, yaani tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine. Skechi leya yake, mistari safi leya yake juu, rangi chini ya mistari, halafu kivuli leya nyingine naiweka modi ya multiplai ili rangi ya chini ikolee bila kufutika. Jana nilikuwa napaka uso wa bibi mzee, ile mikunjo pembeni mwa jicho, kivuli kikakaa vibaya, nikafuta leya ya kivuli peke yake na ngozi ikabaki vilevile! Kwenye karatasi hapo ningeshatoboa kwa kufutafuta, nilifurahi mno.

Halafu saizi ya turubai msiichukulie poa, ya kwanza niliweka pikseli 800 kwa 600, kuja kuprinti kwa pikseli 300 kwa inchi haifiki hata sentimita 7 upana. Sasa kwa A4 naweka 2480 kwa 3508. Na sevini faili la kra kwanza, lile la Krita yenyewe linalotunza leya, ukisevu JPEG tu leya zote zinaunganishwa na huwezi kuzitenganisha tena.