Nyumba ya biskuti ya tangawizi kwa Noeli ya mvua

Bukavu, Desemba ni mwezi wa mvua. Biskuti iliyotoka motoni ikiwa kavu kama ubao hunywa unyevu wa hewa usiku kucha, na asubuhi ukiushika ukuta unapinda. Maelekezo mengi ya nyumba hizi yaliandikwa kwa watu wa Ulaya, ambao Desemba yao ni ya baridi na hewa ya ndani imekaushwa na moto, kwa hiyo hayagusi jambo hili hata kidogo. Haya yanafuata jiko la huku: mbabula (jiko la makaa) na makala yake, umeme unaokatika bila taarifa, na watoto watano wanaotaka kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Desturi yenyewe ilitoka Ujerumani, ambako mji wa Nürnberg unasifika tangu karne nyingi kwa mikate yake ya asali na viungo. Ikifika kwetu hupitia Kifaransa, na hapo wengi wanapotea. Anayetafuta maelekezo ya pain d'épices, yaani mkate wa viungo, hupata keki laini yenye maziwa na bikaboneti. Ni tamu kwa chai, lakini ukikata kuta humo, paa litazilemea na zitajikunja kama godoro. Nyumba inataka biskuti ngumu isiyoumuka. Usitie hamira, usitie levire ya keki (beking pauda), usitie bikaboneti hata nusu kijiko. Kuta zikiumuka zinapanuka pembeni, pembe zinakuwa mviringo, na hakuna ubavu utakaokutana na mwenzake.

Kwa nyumba moja, pamoja na miti, watu wadogo na ukuta mmoja wa akiba, chukua unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 150, asali gramu 150, margarini gramu 125, yai 1, tangawizi kavu ya unga vijiko 2 vya chakula, mdalasini vijiko 2 vya chai, karafuu iliyosagwa nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo. Asiye na mizani apime kwa kikombe cha mililita 250: unga vikombe 4 visivyoshindiliwa, sukari robo tatu ya kikombe, asali vijiko 7 vya chakula, margarini vijiko 9. Tangawizi mbichi ya soko la Kadutu inafaa pia. Vijiko 2 vya chakula vilivyokwaruzwa vinatosha, ila ina maji, kwa hiyo ichemshe pamoja na asali dakika chache kabla ya kutia vingine. Asali ikiwa nyepesi inayotiririka kama maji, fanya hivyohivyo mpaka ipungue na kushikana. Maji ya ziada kwenye donge ndiyo yanayozaa ukuta mlaini.

Yeyusha margarini, sukari na asali kwa moto mdogo pamoja na viungo vyote. Epua na uache mpaka uweze kutia kidole bila kuungua, maana yai likiingia kwenye moto litaiva vipande vipande. Tia yai, koroga, kisha unga kwa awamu tatu. Awamu ya mwisho iachie mikono ya watoto. Donge litaonekana laini mno likiwa na joto, na hapo watu hukosea kwa kuongeza unga. Usiongeze. Lifunge, lilaze saa 2 au usiku mzima. Margarini ikiganda donge litakuwa gumu lenyewe. Lililoongezwa unga linapasukapasuka wakati wa kulisukuma.

Wakati linapumzika, kata vipimo kwenye karatasi ngumu ya boksi. Kuta za ubavuni ni 2, kila moja urefu sentimita 12 na kimo sentimita 8. Kuta za mbele na nyuma ni 2: upana sentimita 10, zinapanda wima sentimita 8, kisha zinachongoka mpaka ncha iwe sentimita 14 kutoka chini. Paa ni vipande 2 vya sentimita 14 kwa 9. Kabla ya kugusa donge, ziunge karatasi hizo kwa skochi na uone kama nyumba inasimama. Ni dakika tano zinazookoa kilo nzima ya vitu, na watoto wa miaka minane na kuendelea wanaifanya kazi hii vizuri kuliko wakubwa.

Sukuma donge juu ya karatasi ya kuokea au juu ya mgongo wa sinia lililopakwa mafuta, kwa chupa safi, unene wa milimita 5. Weka vijiti viwili vya unene huo kulia na kushoto, chupa ipite juu yake, na kuta zote zitalingana. Kata hapohapo, ondoa mabaki ya pembeni, na vipande usivihamishe. Kipande kinachoinuliwa kwa mkono kinavutika, na pembe mraba inapotea. Kwenye vipande vya paa pitisha meno ya uma kutoka juu kwenda chini kwa mistari iliyokaribiana: vikiiva vinafanana na mabati, na watoto wa Bukavu wanalitambua paa lao mara moja. Mabaki yakatwe mistatili midogo ya ngazi, kwa sababu nyumba ya mji huu isiyo na ngazi za kupandia mlima imepungukiwa kitu.

Kama kuna tanuri la umeme au gesi, nyuzi 175, dakika 12 hadi 15, mpaka kingo zianze kuwa nyeusi kidogo. Kwa keki ungetoa mapema. Kwa kuta ongeza dakika 2. Ukuta uliokauka sana hautakuangusha, ule wa rangi nzuri ya dhahabu utalegea kesho yake.

Kwa mbabula, tafuta sufuria pana ya sentimita 30 hivi, nzito, yenye mfuniko bapa. Tandaza mchanga mkavu ndani, kimo cha vidole viwili, weka juu yake kibati chenye kipande kimoja au viwili, funika, makala machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio unaokausha. Wa chini ukizidi, sakafu ya biskuti inaungua huku uso bado ni mbichi. Pima joto kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye kibati kitupu: ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika 5 hivi, anza, ukiwa mweusi ndani ya dakika 1, toa makala. Kila awamu huchukua kama dakika 15 hadi 20, na nyumba nzima ni awamu nne au tano, kwa hiyo isianzishwe jioni.

Vikitoka, una dakika moja hivi ambapo biskuti bado inakatika kama jibini. Rudisha karatasi ya kipimo juu yake na unyooshe kingo kwa kisu. Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Kisha viache vipoe bapa vilevile; kipande kinachoinuliwa kikiwa moto hupoa kimepinda na hakirudi. Vikishapoa kabisa vitie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Vikifunikwa vingali na joto, mvuke wao wenyewe unavilowesha. Asubuhi vikionekana vimelegea, virudishe motoni dakika 5 na uvipoze tena. Hilo linaweza kurudiwa bila madhara.

Sasa gundi. Ute wa mayai 2, sukari ya unga laini gramu 450, maji ya ndimu kijiko 1 cha chai. Bakuli lisiwe na mafuta hata alama, na kiini kisidondoke ndani, kwa sababu mafuta yanazuia ute kuumka. Piga mpaka ukipitisha kisu mfereji ubaki wazi. Ukijifunga wenyewe, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja. Sukari ya unga isipopatikana, saga ya kawaida kwenye blenda kavu na uichekeche kwa kitambaa chepesi, mara mbili. Chembe zikibaki gundi haishiki, na tundu la mfuko linaziba kila dakika. Funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu wakati wote, uso wake unakauka haraka.

Ute mbichi unaweza kubeba salmonela, na watoto watalamba vidole, hilo halizuiliki. Mwenye kipimajoto apashe ute na sukari juu ya mvuke wa maji moto, akikoroga bila kuacha, mpaka nyuzi 71, ndipo apige. Asiye nacho atumie sukari ya unga na maji ya ndimu peke yake, gramu 250 kwa vijiko 2 hivi vya chakula, nzito kama ugali mlaini. Gundi hii ni dhaifu zaidi, basi weka ndani ya nyumba boksi tupu la maziwa lililokatwa kwa vipimo vilevile, kuta zikaliegemee. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano tunaona hii ndiyo njia bora hata kama kipimajoto kipo. Boksi hilo linaweza hata kuvikwa biskuti za dukani za mstatili, bila kuoka chochote, na mchana mmoja unatosha.

Wengine huunganisha kwa sukari iliyoyeyushwa mpaka ikawa kahawia. Inashika kwa sekunde chache, kweli. Lakini inapita nyuzi 160 na inang'ang'ania kwenye ngozi, na kwenye unyevu wetu siku ya pili inaanza kutoa jasho na kunata. Mezani penye watoto haina nafasi.

Kusimamisha kunataka subira kuliko ufundi. Tia gundi kwenye mfuko wa nailoni safi, kata pembe milimita 4. Chora mstari mnene kwenye sinia, simamisha ukuta wa nyuma na mmoja wa ubavuni, uviegemeze kwa makopo ya tomate ndani na nje. Ongeza vingine viwili. Pitisha gundi nyingi kwenye pembe za ndani, hakuna atakayeziona. Halafu acheni. Kwa siku ya jua saa 3 zinatosha. Mvua ikinyesha, acha mpaka kesho yake. Nyumba nyingi zinazoanguka huanguka hapa, kwa sababu paa lilipandishwa saa moja baada ya kuta. Paa likiwekwa linateleza kwanza, kwa hiyo mshike kila upande dakika 5, kisha kopo chini ya ukingo wake mpaka ukauke.

Ratiba inayofaa: tarehe 22 kuoka, 23 kuunga, 24 mchana kupamba; mvua ikinyesha, anza siku moja mapema, ili kuta zipate siku yake na paa siku yake.

Siku ya kupamba, mpe kila mtoto kibakuli chake cha gundi na eneo lake: wewe paa la kushoto, wewe la kulia, wewe ngazi na bustani. Wakigawana nyumba nzima wanagombana, na kiwiko kimoja kinaitoa kwenye sinia. Mbegu za maboga zilizokaangwa zinafaa kwa ukingo wa paa, karanga kwa ukuta wa mawe na njia, bisi kwa mawingu au mauwa. Bombo (peremende) ngumu zibaki chini. Zikijaa juu ya paa uzito wake unalisukuma nje. Karanga nzima, bisi na bombo ngumu ziwe mbali na watoto wa chini ya miaka minne, wanaweza kukabwa. Kwa rangi, bizari ya manjano kiasi cha ncha ya kisu, na kakao kwa kahawia. Rangi za maji zinailegeza gundi. Madirisha ya bombo iliyopondwa na kuyeyushwa wakati wa kuoka yanapendeza sana taa ikiwekwa nyuma, ila kwa mvua hii yananata ndani ya siku moja au mbili. Anayeyataka aoke ukuta wa mbele mwishoni.

Iweke sebuleni, mbali na mvuke wa jikoni, wala si kwenye friji, ambako itatoka na umande. Sisimizi watafika usiku wa kwanza. Simamisha sinia juu ya vikombe vinne vilivyowekwa kwenye beseni yenye maji kidogo, na hawatavuka. Iliwe kati ya Noeli na Mwaka Mpya, paa kwanza. Kuta zitakuwa ngumu kwa meno ya wazee, nao wazichovye kwenye chai.