Stata inayogoma inapojisikia

Wenye bodaboda wa Arua, Uganda, hii ni yenu. Pikipiki yangu ilikuwa na ugonjwa wa kujiamulia: asubuhi ukibonyeza stata inawaka, mchana mbele ya abiria inasema "tik" basi. Ukipiga kiki inawaka mara moja. Stejini kila mtu na jibu lile lile, nunua betri mpya. Betri husingiziwa kila kitu.

Nikaazima multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikapima tena huku nimebonyeza stata inayogoma (ikiwa inawaka, kipimo hakikuambii kitu), ikabaki 12.4. Betri ikatoka kwenye kesi. Stata ikivuta umeme kweli, volti hushuka hata kukaribia 10; hapa ilikuwa haivuti. Na ule mlio ni relei, swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata, nayo ilikuwa inaitika.

Basi ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikabonyeza. Zaidi ya volti 11! Inatakiwa isifike hata nusu volti, maana yake umeme ulikuwa unakwama kati ya injini na betri. Waya mweusi ule unaofungwa kwenye injini: bolti kwa nje imekaza vizuri, chini yake kutu na vumbi jekundu la barabara zetu, nyuzi za shaba zimegeuka kijani. Nikapiga msasa, nikafunga waya mpya, nikapaka grisi juu.

Fundi mmoja bado anasema nibadilishe na relei. Ya nini, bwana? Zile volti 11 zilipitia humo humo.