Barafu Inapoliachia Ziwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Aprili ikiingia hapa Minnesota, wavuvi hatutulii. Ndoana zimeshanolewa, mshipi mpya umeshafungwa, leseni mpya iliyoanza Machi iko mfukoni, na ziwa bado limefunikwa. Ukienda ukingoni unaona barafu imeacha weupe wa Januari na kuwa ya kijivu, na kati yake na mchanga pametokea ukanda mwembamba wa maji meusi. Upepo ukivuma, vipande vya barafu vinasukumwa ufukweni vikilia kama glasi zinazogongana. Naweza kusimama pale hadi vidole vife ganzi.

Zaburi 147 inasema Bwana hulituma neno lake na kuiyeyusha barafu, huuvumisha upepo wake, na maji yakatiririka. Upepo! Ndivyo ilivyo hasa. Jua huidhoofisha barafu, upepo ukaja kuivunja. Wala kazi yake haiishii hapo. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za sentigredi. Basi yale ya juu, yaliyokuwa karibu na sifuri, yakipata joto kidogo huzama, upepo huyachanganya, na oksijeni hushuka hadi kilindini, ambako ilikuwa ikipungua tangu ziwa lifunikwe.

Hata barafu ikiisha, samaki aitwaye walleye hatumvui bado. Msimu wake hufungwa mwishoni mwa Februari na kufunguliwa katikati ya Mei, kwa kuwa barafu ikishayeyuka ndipo huja usiku kwenye kina kifupi chenye mawe kutaga mayai. Maji yako wazi, samaki yuko karibu, na mkono unawasha! Lakini mimi nikingoja, yeye anazaa. Tumezoea kumwomba Mungu afupishe kungoja kwetu. Ni mara chache tunamuuliza nani anapewa nafasi ya kuishi tunapongoja. Sisemi kila kungoja kuko hivyo. Ndugu anayesubiri karatasi za kumleta mke wake ana mzigo mwingine kabisa, na tuendelee kuubeba pamoja naye kwa maombi.

Wiki hii tuisome Zaburi hiyo nyumbani pamoja na watoto, kuanzia mstari wa 12 hadi mwisho. Na nyinyi vijana mnaotaka kuvua juu ya barafu mara moja ya mwisho, nawasihi msiingie. Sentimita 10 za barafu mpya, ngumu, ya Desemba humbeba mtu. Hii ya sasa, hata iwe nene maradufu, haiaminiki.