Maoni ya Wasikilizaji Kuhusu Muziki wa Mchezo Niliouimba
Tangu nilipotoa rekodi ya kuimba muziki wa mchezo wa video ambao awali ulikuwa wa ala tupu, maoni ninayoyathamini zaidi ni yale yanayotaja mahali mahususi. Msikilizaji mmoja aliandika kwamba katika kiitikio cha pili mwangwi unameza konsonanti, hata maneno yanabaki irabu ndefu tu, na maoni ya namna hiyo humrudisha mwimbaji kwenye maikrofoni akijua la kufanya.

Wengine walitaka nifuate muziki wa asili noti kwa noti. Hapo ninatofautiana nao. Famicom, mashine ya michezo ya video ya mwaka 1983, ilikuwa na njia 5 za sauti, na mtunzi aliyeiandikia hakulazimika kuacha nafasi ya pumzi, kwa kuwa chipu haipumui. Mwimbaji hupumua, na asipokata mstari mahali panapofaa, noti ya mwisho hufifia na kushuka.

Zaidi ya hayo, muziki mwingi wa aina hii hutungwa ujirudie mchezaji anapoendelea kucheza, kwa hiyo mwisho hauna budi kubuniwa. Msikilizaji aliyeona mwisho wangu umekatika ghafla (alilisema kwa upole mno) alipendekeza sauti ya pili ya chini iushushe taratibu, nami nimeanza kuiandika.