Usifungue Huo Mlango

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika saa 1:40 usiku, ukumbi ukiwa umejaa karibu wote. Nilikuwa jikoni, nina vipande sita vya samaki kwenye kikaango na kuku ndani ya oveni. Feni kubwa ya kutolea moshi ikalegea, ikapiga mizunguko ya mwisho, ikanyamaza. Asiyewahi kufanya kazi jiko la mgahawa hajui ile feni ina kelele kiasi gani. Zamu nzima tunazungumza kwa kupaza sauti kwa ajili yake. Ikizima ghafla unasikia mafuta yanavyochemka, unasikia bomba linalodondosha matone, unasikia wateja huko ukumbini wakisema "aaah" kwa pamoja.

Sekunde chache baadaye moto wa jiko nao ukafa. Msaidizi wangu, ambaye ana mwezi mmoja tu kazini, akasema gesi imeisha. Haikuisha. Kwetu, kama ilivyo kwenye majiko mengi ya biashara, valvu ya gesi imeunganishwa na feni: hewa chafu isipotoka, gesi haipiti. Nashukuru aliyebuni hivyo, maana katikati ya oda tisa sidhani kama sisi wenyewe tungekuwa na moyo wa kuzima.

Nikachukua kalamu ya wino mzito na ule utepe wa karatasi tunaobandika kwenye makopo kuandika tarehe. Nikakata vipande vitatu. Kila kimoja nikaandika 1:40, na chini yake, kwa herufi kubwa, USIFUNGUE. Kimoja nikabandika mlango wa chumba cha baridi, kimoja friza, kimoja ile friji ndogo iliyo chini ya meza ya kukatia. Halafu nikakusanya visu vyote, nikaviweka kwenye trei moja juu ya rafu. Gizani kisu kilichoachwa kwenye meza hukipati kwa macho, unakipata kwa kidole.

Meneja akaingia na mwanga wa simu. "Dada, mbona unabandika karatasi? Watu wanangoja chakula."

"Bosi, waambie kilichopo ni supu, mkate, saladi na matunda. Kingine hakuna mpaka umeme urudi."

Hakufurahi, namuelewa. Lakini kuhusu mlango wa friji mimi sina mjadala, na sababu yake ni ya zamani.

Miaka mingi nyuma nilikuwa mgahawa mwingine, kazi yangu kumenya na kukata. Usiku mmoja umeme ulikatika wakati hakuna mtu. Asubuhi tulikuta umerudi, friji inaunguruma kama kawaida, ila saa ya ukutani iliyotumia umeme ilikuwa nyuma kwa saa nyingi, ndipo tukajua. Bosi akafungua friji, akamshika kuku, akamnusa. "Wa baridi huyu, na hana harufu." Hata hivyo alisita. Akasema wateja wasipewe. "Wapikieni wafanyakazi."

Tulifurahi! Kuku mezani kwa wafanyakazi lilikuwa jambo la nadra. Nilimpika mwenyewe, na nilimpika vizuri. Kijana wa kuosha vyombo alikula kuliko wote, kwa kuwa hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, wala siku ya tatu. Pale tulikuwa tunalipwa kwa siku, usipofika hupati kitu. Aliporudi alikuwa amekonda, mkanda umesogezwa tundu mbili. Akaniambia, "Dada, kile chakula cha siku ile kilikuwa kitamu sana."

Sikumjibu. Mpaka leo nayasikia maneno yale.

Baadaye nilijisomea, na niliyoyasoma yalinikasirisha kwa sababu ni mambo mepesi ambayo tungeweza kufundishwa siku ya kwanza ya kazi. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa vinastawi kati ya nyuzi joto 5 na 60 hivi. Vikipata joto vinavyolipenda, baadhi huongezeka maradufu kila dakika 20. Vingine huacha sumu ambayo hata ukirudisha chakula motoni haiondoki. Na vingi havina harufu wala ladha, kwa hiyo ile pua ya bosi haikutusaidia kitu. Umeme ulipokatika New York na miji mingine mingi Agosti 2003, maofisa wa afya wa jiji hilo waliona wagonjwa wa kuharisha wakiongezeka siku zilizofuata, na walipochunguza wakakuta uhusiano na ulaji wa nyama na vyakula vya baharini baada ya umeme kukatika. Niliposoma hapo nilimkumbuka yule kijana na mkanda wake.

Pua ikishindwa, kinachobaki ni saa na kipimajoto. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi yake kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Hesabu hizo zote ni za mlango uliofungwa. Kila anayefungua "nichukue kitu kimoja tu" anamwaga baridi ambayo huna namna ya kuirudisha. Na bila kujua umeme ulikatika saa ngapi, huna pa kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana ya utepe.

Turudi Ijumaa. Samaki wangu sita walikuwa wameiva upande mmoja, katikati wabichi, na vuguvugu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kuku wa oveni alikuwa hivyohivyo. Nikawatupa wote. Mhudumu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema kuna jiko la mkaa stoo, tuliwashe hapahapa ndani. Nilimkatalia kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kisha nikamwomba radhi na kumweleza. Mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyoonekana wala kunuka, na jikoni kwetu feni ilikuwa imekufa. Watu hulala usingizi na hawaamki.

Supu ilikuwa kwenye sufuria kubwa kabisa, na mfuniko wake. Nilipoipima mara ya kwanza ilisoma nyuzi 86. Nikawa naipima kila nusu saa, msaidizi wangu akinimulikia tochi. Saa 3:10 ilisoma 64. Nikamwambia meneja hii ndiyo bakuli la mwisho, nikafunga.

Ukumbini aliyetuokoa ni mhudumu wetu mkongwe, mama ambaye amefanya kazi hii tangu kabla ya mashine za kuingizia oda. Vijana walikuwa wamesimama na vile vidude vyao vilivyozima mikononi, hawajui waanzie wapi. Akawagawia karatasi na kalamu. Nilimsikia akiwaambia: "Karatasi moja, meza moja. Namba juu. Na uandike kana kwamba atakayesoma ni mtu mwingine." Karatasi zilizokuja jikoni zilisomeka zote. Katika njia ya kuelekea ukumbini alimweka kijana mmoja asimame na tochi, mwanga ukielekea sakafuni, na kila aliyebeba kitu alitangaza toka mbali, "Pisha, cha moto!" Hakuna aliyegongwa. Hakuna sahani iliyovunjika.

Malipo yalisumbua. Mashine ya kadi ilikuwa na chaji lakini intaneti ilizima pamoja na umeme. Wengi walilipa taslimu. Meza tatu hawakuwa nayo, wakaandika majina na namba za simu kwenye daftari. Wote watatu walirudi kulipa kesho yake, mmoja kabla hata hatujafungua.

Kilichofunga mauzo kabisa kilikuwa sahani. Pampu ya maji haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo tulikuwa na kilichobaki kwenye tangi la juu tu. Kijana wetu wa vyombo alikuwa ameshalijua hilo kabla yangu. Dakika ya kwanza tu alifunga mabomba yote akaacha la kunawia mikono. Mashine yake ya kuoshea, ambayo suuzo lake la mwisho hufika nyuzi 82, ilikuwa kimya. Akapanga vyombo vichafu kwa ukubwa, sahani na sahani, bakuli na bakuli, vikapanda mpaka usawa wa kifua chake. Sahani safi ya mwisho ilipotoka, meneja akaenda mlangoni kuwaambia watu samahani, tumefunga.

Umeme ulirudi saa 6:05 usiku. Tulikuwa tumechomoa kila kitu kwenye soketi, kwa sababu ukirudi kwa kishindo unaunguza vifaa, na tukavirudisha kimoja baada ya kingine, friji kwanza. Halafu nikatoa kipimajoto.

Chumba cha baridi hakikufunguliwa hata mara moja kwa saa 4 na dakika 25. Nikaingiza kipimajoto katikati ya pakiti mbili za maziwa zilizobanana. Nyuzi 4. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilimwita meneja aje aone namba mwenyewe.

Ile friji ndogo ya chini ya meza ilisoma 13. Iko karibu na majiko, na mtu aliifungua mwanzoni kabla sijaibandika, labda zaidi ya mara moja. Ndani kulikuwa na kuku mbichi aliyekatwa, krimu, mayai yaliyokwisha kuvunjwa, na sosi mbili nilizokesha nazo Alhamisi. Nikavitoa vyote. Siagi, jibini gumu na ndimu nzima nikaziacha.

Nilikuwa nimeinama kwenye pipa nilipomsikia kijana wa vyombo nyuma yangu.

"Dada, hao kuku bado wa baridi. Naweza kuchukua nyumbani?"

Si yule wa zamani. Huyu ni mwingine, mdogo kuliko yule, na nyumbani kwake ana mama na wadogo zake wawili. Nilimwambia hapana. Nilimwambia na sababu, yote, ya kuku niliyempika mimi mwenyewe na siku tatu za mwenzake. Alisikiliza bila kusema neno. Kisha nikamwaga sabuni ya vyombo juu ya ile nyama, mbele yake, ili asiwepo mtu wa kurudi kuichukua usiku.

Nikarudi chumba cha baridi. Nikatoa pakiti mbili za maziwa, zilezile nilizozipima, trei ya mayai na kipande kikubwa cha jibini. Meneja alikuwa amesimama pale na daftari lake la hasara. Alinitazama, akamtazama kijana, akaniuliza jibini ni gramu ngapi.

"Mia nane," nikasema.

Akaandika. Kijana akauliza kama mayai nayo nimeyapima.