Mtoto wa kiume, uangalie mkojo wake ukitoka

Leo tumetoka kliniki ya figo, kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huutoa) imeshuka tena na presha ya mwanangu iko sawa, basi nimeona niandike, maana najua kuna mama mahali anabadilisha pampasi imelowa chapachapa anajiambia mtoto wangu anakojoa vizuri.

Kulowa peke yake hakutoshi jamani. Wangu alikuwa analowa muda wote, ila mkojo wenyewe unadondoka tone tone, haurushi, anajikaza mpaka analia, tumbo chini ya kitovu gumu, uzito hauongezeki na homa zinakuja zinaenda. Zahanati tukapewa dawa ya malaria bila mkojo kupimwa, majirani wakasema chango. Mama mkwe ndo alikaa akamtazama akaniambia, "Mwanangu, baba yake alikuwa ananilowesha mpaka kifuani, huyu mbona harushi? Mpelekeni hospitali kubwa."

Altrasaundi ikaonyesha ukuta wa kibofu umekuwa mnene na figo zote mbili zimejaa maji. Kumbe kwenye njia ya mkojo kuna vijikunjo vya nyama kazaliwa navyo, vinawapata watoto wa kiume tu, vinazuia mkojo usitoke, unarudi juu unaziminya figo. Sio kulogwa, na wala sio kitu nilichokula nikiwa mjamzito. Akawekewa mpira wa mkojo, chumvi za damu zikarekebishwa, antibaiotiki, kisha wakaingiza kamera wakavikata. Pasipo na kamera ndogo ya kumtosha kichanga wanatoboa tundu chini ya kitovu mkojo utokee hapo kwanza, wanaliziba akikua, na ukiambiwa hivyo usimkimbize mtoto, wanaziokoa figo.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu ya figo iliyoharibika tangu tumboni hairudi, operesheni haimalizi safari. Ndo maana kliniki hatukosi, presha, damu, uzito, urefu. Akipata homa mkojo unapimwa siku hiyohiyo. Diklofenaki na brufeni, zile dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo, hapewi, mitishamba ndo kabisa, hata akiileta shangazi ninayempenda.

Na wewe mjamzito, kama altrasaundi iliandika figo za mtoto zina maji, ile karatasi itunze, akizaliwa mwonyeshe daktari apigwe nyingine, hata kama ananyonya na kulala vizuri tu.